Baba amefariki, dada yuko Marekani na green card bado inasubiri. Atatoka aje?

MtuWaUmoja2

Wadau habari za jioni. Naomba msaada wa haraka na tafadhali kama huna uhakika usiandike tu, huku kwetu kila mtu ashakuwa wakili. Mzee wetu ametuacha wiki hii, alikuwa amelazwa hapa Nairobi, figo zilikataa, mwili uko mochari. Dada yetu mkubwa yuko Marekani, alienda kusoma, shule ikaisha na makaratasi yakaisha, akakaa tu miaka kadhaa, baadaye akaolewa na raia wa huko wakapeleka maombi ya green card, ile fomu I-485. Alama za vidole washachukua, kibali cha kazi anacho, intavyuu bado. Kibali cha kusafiri waliomba pamoja na hiyo I-485 lakini hadi leo kimya.

Sasa huku wazee wamekaa wakasema mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo nyumbani Murang'a, na bili ya mochari inapanda kila siku. Dada analia kwa simu anasema anapanda ndege liwe liwalo. Mjomba naye anamwambia akuje tu, akimaliza kuzika aende ubalozi pale Gigiri apewe visa arudi kwa bwanake, kwani watamnyima na ameolewa huko? Mimi roho inakataa. Kuna njia ya dharura ama hakuna? Na sisi tulio Nairobi tumtumie karatasi gani?

Dau_wa_Eastlando

Pole sana ndugu, Mungu awape nguvu. Mimi naona mjomba yuko sawa, kuna binamu ya beste yangu alikuja kuzika mamake na faili yake ilikuwa inasubiri vilevile, akarudi bila maneno. Mzazi huzikwa mara moja. Akuje.

NilirudiNyumbani

@Dau_wa_Eastlando heshima lakini huo ushauri unaweza kumvunjia mtu ndoa. Huyo binamu pengine alikuwa na visa ya kazi ya H-1B au ile ya L-1, hao wanaruhusiwa kutoka na kurudi kwa visa yao hata kama I-485 inasubiri. Ama alikuwa na kibali mkononi na hakuwaambia. Dada ya huyu ndugu alikuja na visa ya mwanafunzi na ilishaisha kitambo, hiyo ni kesi tofauti kabisa.

Pole sana MtuWaUmoja2. Mimi nilikaa huko miaka mingi, nilifanya kazi kwa ofisi ya wakili wa mambo ya uhamiaji kabla sijarudi, kwa hivyo nisikilize polepole na umsomee dada.

Akitoka Marekani bila hicho kibali cha kusafiri, wenyewe wanakiita advance parole, ile I-485 inahesabiwa kwamba ameiacha. Siyo kwamba wanaisimamisha hadi arudi, la, imekufa. Halafu kuna jambo la pili ambalo mjomba hajui, na hili ndilo linauma. Mtu akikaa huko bila ruhusa ya kisheria zaidi ya siku 180 halafu atoke, sheria inamfungia nje miaka 3. Akikaa mwaka mmoja au zaidi akatoka, inamfungia miaka 10. Kwa vile umesema amekaa miaka, sheria inaweza kumgonga wakati ndege inaondoka, ila aliyeingia kama mwanafunzi siku zake huhesabiwa kwa njia nyingine, hilo wakili ndiye athibitishe. Akiwa ndani, kwa sababu ameolewa na raia na aliingia kwa njia halali, anaweza kumalizia green card hukohuko hata kama alipitisha muda. Akishatoka mlango huo umefungwa, itabidi bwanake aendelee na ile ombi la familia hadi lifike ubalozi wa Gigiri, aitwe intavyuu, na akikutwa na hiyo miaka 10 anyimwe, halafu ndiyo aombe msamaha kwa fomu nyingine I-601 akithibitisha bwanake ataumia sana asiporudi. Watu hungoja hiyo kitu hadi wanachoka. Kwa hivyo ubalozi upo, ndiyo, lakini siyo mahali pa kwenda Jumatatu baada ya mazishi ukachukua visa kama unachukua maziwa kwa duka.

Akitoka na hicho kibali mkononi mambo yanabadilika. I-485 inabaki hai, na kuna uamuzi wa bodi ya rufaa ya uhamiaji wa mwaka 2012, unaitwa Arrabally na Yerrabelly, uliosema mtu aliyetoka kwa advance parole hahesabiwi kama ametoka kwa maana ile ya kufungiwa miaka 10. Hiyo ndiyo inamwokoa mtu kama yeye.

Sasa njia ya dharura ipo. Kwanza kabisa kabla ya kupiga simu yoyote mwambie ageuze kile kibali cha kazi asome maandishi yote yaliyo juu yake. Kuna kadi zimeandikwa SERVES AS I-512 ADVANCE PAROLE. Kama yake iko na hayo maneno na haijapita tarehe, basi kibali anacho kwa mkoba na hajui, nimeona watu wa hivyo. Siku hizi mara nyingi wanatoa kadi ya kazi peke yake, lakini aangalie.

Kama hakuna, apigie USCIS, ile idara ya uhamiaji ya Marekani iliyo na faili yake, kituo chao cha simu, 800-375-5283, wanafungua saa mbili asubuhi ya New York siku za kazi, ambayo huku ni saa tisa alasiri ama saa kumi kutegemea msimu wao wa kubadilisha saa. Ile mashine itamzungusha, aendelee kusema anataka mtu wa kuongea naye. Akimpata asiseme anauliza kuhusu faili, aseme mzazi amefariki, anahitaji advance parole ya dharura na safari iko ndani ya siku 15, anaomba apointimenti kwa ofisi ya USCIS ya karibu naye. Kuna pia fomu ya kuomba apointimenti kwa tovuti yao, ajaze hiyo piya, asingojee moja imalize ndiyo aanze nyingine.

Siku ya kwenda abebe fomu I-131, ile ya kuomba kibali cha kusafiri, mpya imejazwa na kutiwa sahihi, hata kama ile ya kwanza bado inasubiri, picha mbili za pasipoti, pasipoti yenyewe, ile risiti ya I-485 inaitwa I-797, na malipo. Hiyo fomu tangu Aprili 2024 ni dola 630, aangalie ukurasa wao wa ada usiku wa kuamkia siku hiyo maana hawa watu hubadilisha. Na tangu mwisho wa Oktoba 2025 hawataki cheki za karatasi, ni kadi ya benki kwa fomu G-1450. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hufika na kila kitu halafu wanarudishwa kwa ajili ya malipo.

Afisa ana hiari, anaweza kukubali anaweza kukataa. Wengine hutoka na karatasi siku hiyohiyo, wengine huambiwa warudi kesho. Kinachoamua mara nyingi ni ushahidi, na huo ushahidi uko Nairobi, uko kwenu. Kama dada ashawahi kushikwa na polisi huko ama ana amri ya korti ya kumrudisha, asifanye chochote kabla ya kuongea na wakili.

Karani_wa_Faili

Poleni sana familia. NilirudiNyumbani ameongea vizuri, mimi naongezea upande wa huku kwa sababu kazi yangu ni kukimbiza hizi karatasi kila siku.

Cheti cha kifo chenyewe msikingojee, kitawachelewesha. Mzee alifia hospitali, kwa hivyo hospitali ndiyo inajaza ile taarifa ya kifo, na kutoka hapo mnapewa kibali cha mazishi. Angekuwa amefia nyumbani mngeanzia kwa naibu wa chifu. Hicho kibali cha mazishi ndicho mtaskani kwanza mtume. Skani ya ukweli, siyo picha ya simu imepigwa juu ya kiti cha matatu na kidole kinaonekana. Enda saiba yoyote ukaskani rangi, kurasa zote, mbele na nyuma.

Halafu kitu watu husahau, kitambulisho cha marehemu. Mtaulizwa mkirudishe wakati wa kusajili kifo na kikishaenda kimeenda. Skanini mbele na nyuma LEO. Dada atahitaji kuonyesha yule aliyekufa ndiye baba aliye kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kwa hivyo majina lazima yasomane. Cheti chake cha kuzaliwa anacho huko? Kama kiko kwa sanduku la mama kijijini mtu apande gari kesho asubuhi.

Barua mbili zaidi. Moja ya hospitali, kwa letahedi yao, imeandikwa jina kamili la mzee kama lilivyo kwa kitambulisho, tarehe aliyolazwa, alichougua, tarehe ya kufa, jina la daktari na namba yake ya usajili, sahihi na muhuri, na namba ya simu ya kitengo. Nyingine ya mochari ikisema mwili uko hapo, na tarehe mnayopanga kuutoa. Kama programu ya mazishi ishachapishwa wekeni piya, na ile tangazo la gazeti kama mlitoa. Barua ya chifu ni nzuri lakini mwambieni aandike kwa Kiingereza. Ikija kwa Kiswahili ama Kikuyu lazima itafsiriwe na aliyetafsiri aweke maandishi ya kuthibitisha na sahihi yake, mnajiongezea kazi bure.

Na kuhusu tarehe, semeni na wazee. Barua ikisema mazishi ni hiyo Jumamosi ya wiki ijayo na apointimenti ikawa Alhamisi yake, hata akipewa kibali atafika mkishafunika kaburi. Songezeni hadi wiki inayofuata, angalau. Najua mochari ni pesa. Lakini kuna kamati, kuna grupu ya WhatsApp, kuna harambee, hiyo ndiyo kazi yake.

MtuWaUmoja2

Asanteni sana jamani, nimesoma yote nikiwa kwa foleni ya hospitali. Dada ameangalia kadi, haina hayo maneno. Amepiga simu akazungushwa na mashine kweli, akapata mtu, wamemwambia atapigiwa.

Shida imetokea kwa majina. Kitambulisho cha mzee kina majina matatu, cheti cha kuzaliwa cha dada kina majina mawili na moja limeandikwa tofauti herufi moja, lile la kwao badala ya la ubatizo. Tutafanyaje? Halafu kuna jamaa mjomba amemleta, ana ofisi juu ya duka la simu pale karibu na River Road, anasema ana mtu ndani na anaweza kutoa hiyo advance parole kutoka huku Nairobi kwa elfu themanini, nusu saa hii na nusu ikitoka.

NilirudiNyumbani

Elfu themanini muweke kwa jeneza. Hicho kibali kinatolewa na USCIS na dada lazima awe ndani ya Marekani akiomba, hakuna mtu wa Nairobi ana mkono hapo, hata ubalozi haukitoi. Akitoa karatasi itakuwa ya kuchapisha, na dada akiionyesha pale JFK, uwanja wa ndege wa New York, hatashikwa huyo jamaa, atashikwa dada.

Karani_wa_Faili

Majina yasikutoe jasho, ni jambo la kila siku, Kenya hii nani majina yake yote yanafanana. Mnaenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo, mama yenu ama ndugu ya mzee anaapa hati ya kiapo kwamba jina hili na jina lile ni la mtu mmoja, anataja namba ya kitambulisho, anabandika nakala za hivyo vyeti, inapigwa muhuri. Pale mjini mtu anamaliza kwa asubuhi moja. Aape mtu aliyemjua mzee tangu zamani, siyo wewe mtoto. Na kama mama ana cheti cha ndoa chenye majina yote matatu kiwekeni ndani, hicho hufunga mdomo wa afisa.

Msichana_wa_Ruaka

Poleni sana. Samahani naingilia, mimi niko huko lakini kesi yangu ni ya hifadhi, niliomba asailamu na bado inasubiri, mamangu ni mgonjwa sana hapo Nairobi. Hii njia ya dharura naweza kuitumia pia?

NilirudiNyumbani

Pole dada. Kwako usichukue chochote nilichosema juu. Wewe uliandika kwamba unaogopa kurudi Kenya. Ukiomba advance parole unaweza hata kupewa, lakini ukirudi kwenye nchi ile uliyosema unaikimbia, sheria yao inachukulia kwamba umeacha ombi lako la hifadhi, isipokuwa uonyeshe sababu nzito za kurudi. Ukitoka bila hicho kibali ni vilevile. Ongea na wakili wako kabla hujamwambia mama kitu. Wengine hukutana na mzazi nchi ya tatu kama mzazi anaweza kusafiri, lakini hata hiyo uende na kibali na wakili ajue.

Dau_wa_Eastlando

Aisee mimi nilikuwa nasaidia tu kwa roho safi, kumbe kuna miaka 10 hapo. Mwambie dada atulie.

MtuWaUmoja2

Wadau nimerudi na habari. Tumesongeza mazishi, wazee walikuwa wakali lakini mama alisimama akasema mzee hazikwi bila kifungua mimba wake, ikaisha hapo. Dada amepata apointimenti, ni wiki hii. Barua ya hospitali tumepata, karani pale mwanzo alitaka kutupa ile ya mistari miwili, nikamwonyesha venye Karani_wa_Faili aliandika hapa akacheka akaenda kuandika upya. Hati ya kiapo tayari, baba mdogo ndiye ameapa.

Sasa akipewa, kuna kitu cha kuangalia kabla ya kukata tikiti? Mjomba amepata ya bei nzuri inapitia London.

NilirudiNyumbani

Tikiti asilipie kabla karatasi iko mkononi, aonyeshe tu ratiba ya safari aliyoibuki bila kulipa, au ile inayorudishika pesa, inatosha kama ushahidi wa tarehe. Hiyo ya London iache. Mkenya akibadilisha ndege Uingereza huulizwa visa ya kupitia, na advance parole siyo visa. Achukue KQ (Kenya Airways) ya moja kwa moja, ile ya JFK iliyoanza Oktoba 2018, atalala ndani ya ndege na kuamka JKIA, hakuna wa kumuuliza maswali katikati. Ama apitie Doha au Dubai.

Akipewa karatasi asome palepale dirishani kabla hajaondoka. Jina liwe kama la pasipoti, tarehe ya mwisho ya kurudi aione kwa macho yake, na aangalie kama ni ya kuingia mara moja ama zaidi, hizi za dharura mara nyingi ni mara moja. Arudi kabla ya hiyo tarehe, siyo siku yenyewe. Msije mkamwambia abaki kwa ajili ya kugawa shamba.

Akifika uwanja wa ndege kule wakati wa kurudi watamtoa kwa foleni wampeleke kile chumba cha pembeni, asiogope, ni kawaida ya wenye parole, wengi hupitishwa huko. Atakaa saa kadhaa. Abebe nakala ya risiti ya I-485, cheti cha ndoa, na hizo karatasi za mazishi asizitupe Murang'a. Na ajue kwamba kibali hakimpi haki ya kuingia, afisa wa mpakani bado ana neno la mwisho, ndiyo maana nilisema kama ana rekodi yoyote aongee na wakili kwanza.

Karani_wa_Faili

Na pasipoti yake iko na muda? Nauliza kwa sababu watu wa kukaa huko muda mrefu hugundua uwanjani. Ikiwa itaisha akiwa huku, ofisi ya pasipoti ya Nyayo House haimjui na haraka yake.

Bwanake abaki huko, najua angetaka kuja kumzika babamkwe lakini mtu lazima afungue sanduku la barua. Wakituma barua ya intavyuu ama ya kuomba karatasi zaidi na hakuna wa kujibu, wanaweza kukataa ombi lote.

MtuWaUmoja2

Pasipoti ina miaka minne mbele. Bwanake tumeongea naye, anabaki, ameomba tu tumwekee mazishi kwa Zoom. Hapo Murang'a netwaki ni ya kupanda juu ya mwembe, mwenye anajua mtu wa kufanya laivu na ana mitambo yake aniandikie inboksi.

Dau_wa_Eastlando

Hiyo sasa niko nayo. Kijana wa kwetu hufanya matanga na harusi, ana kamera mbili na laini za kampuni tofauti, inayokubali ndiyo anatumia. Nakutumia namba. Bei yake ongea naye mapema, akifika kwa boma na kuona magari huongeza.